Safari ya Chakula Ndani ya Mwili

Somo kwa wamama wanaokuja siku ya kilo



Leo tutajifunza habari ya tumbo. Si tumbo la uzazi, bali tumbo linalopokea chakula. Soma somo hili polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, umsomee.

Tuanze na jambo tunaloliona mara mingi kliniki. Mama anafika asubuhi na mapema. Ametoka ng'ambo, Lubunga, amevuka mto kwa mtumbwi, mtoto mgongoni. Munganga anamuuliza:

– Mama, mutoto iko na nini?

– Munganga, iko nahara. Leo siku ya mbili.

– Unamupatia nini ya kunywa?

– Hapana, munganga. Koko yake alisema nisimupe mayi, ati mayi itaongeza kuhara. Tulimupiga lavema ya majani, juu uchafu yote itoke.

Mama huyu anampenda mtoto wake. Koko naye anampenda mjukuu wake. Wote wawili walifanya walichodhani ni kizuri. Lakini macho ya mtoto yameingia ndani, ulimi umekauka, na akilia hatoi machozi. Kumetokea nini? Ili tuelewe, tujue kwanza tumbo linafanya kazi ginsi gani wakati wa afya.

1. BARABARA MOJA YENYE MILANGO MIWILI

Toka mdomoni mpaka nyuma, ndani ya mwili kuna barabara moja tu ya chakula. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu mita 8. Imekunjwa na kupangwa vizuri ndani ya tumbo, ndiyo sababu inaenea. Chakula kinapita humo kwa muda wa siku moja mpaka tatu. Njiani kuna vituo, na kila kituo kina kazi yake.

Mdomo. Meno yanasaga chakula, mate yanakilainisha. Mate yanafanya kazi nyingine tena. Twaa wali kidogo au kipande cha mkate, utafune kwa kitambo kirefu bila kumeza. Utasikia utamu. Kumbe, mate yameanza kugeuza wali kuwa sukari. Kwa hiyo mwambie mtoto wako: "Tafuna vizuri, usimeze haraka." Asiyetafuna analipa mfuko wa tumbo kazi ya meno.

Koo. Chakula kikimezwa kinapita katika mpira mwembamba unaoshuka kifuani. Mpira huo unakisukuma wenyewe, ndiyo maana hata mtu aliyelala anaweza kumeza.

Mfuko wa tumbo. Hapa chakula kinakaa saa 2 mpaka 4. Mfuko unakikoroga kama mwiko unavyokoroga uji. Tena mfuko unatoa maji makali sana, makali kuliko maji ya ndimu. Maji hayo yanaivisha nyama na samaki, na yanaua mikrobe wengi walioingia na chakula. Mikrobe ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Huyu ni mlinzi wetu wa kwanza. Lakini mikrobe wakiwa wengi mno, mlinzi anashindwa.

Utumbo mwembamba. Hiki ni kituo kikubwa kuliko vyote. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu mita 6. Mwanzoni mwake ini linaleta nyongo, nayo nyongo inavunja mafuta: mawese, mafuta ya karanga, mafuta ya samaki. Kiungo kingine, kongosho, kinaleta maji ya kumaliza kuvunja chakula chote.

Ndani, ukuta wa utumbo huu si laini kama mpira wa baiskeli. Umejaa vidole vidogo sana, maelfu na maelfu, kama manyoya mafupi ya kitambaa. Vidole hivi vinashika chakula kilichovunjwa na kukiingiza ndani ya damu. Wewe unayekaa Kisangani unawajua Wagenia. Wanatega vikapu vyao vikubwa kwenye maporomoko: maji yanapita, samaki anabaki. Vidole vya utumbo vinafanya kazi kama vikapu hivyo. Chakula kinapita, na nguvu yake inabaki kwetu. Siku vikapu vinapovunjika, samaki wanapita na mvuvi anarudi mikono mitupu. Ndivyo ilivyo kwa mtoto ambaye utumbo wake una ugonjwa: anakula, lakini kilo hazipandi.

Utumbo mpana. Mabaki ya chakula yanaingia hapa. Urefu wake ni karibu mita moja na nusu. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji yaliyobaki na kuyarudisha mwilini. Yasiyo na faida yanatoka kama choo. Humo ndani wanaishi mikrobe wengi wazuri wanaotusaidia. Si kila mikrobe ni adui.

2. HESABU YA MAJI

Sasa, mama, sikiliza sana hesabu hii, maana ndiyo moyo wa somo letu.

Kila siku, ndani ya matumbo ya mtu mzima zinaingia karibu lita 8 mpaka 9 za maji. Tunakunywa na kula karibu lita 2 tu. Maji mengine yote yanatoka katika mwili wenyewe: mate, maji makali ya mfuko, nyongo, na maji ya utumbo. Ni kama ndoo nzima ya lita 10 iliyokosa kidogo kujaa.

Je, maji hayo yote yanakwenda wapi? Matumbo yanayarudisha ndani ya damu. Katika ndoo ile karibu nzima, maji yanayotoka na choo hayazidi kopo moja. Huo ndio utumbo wenye afya: unaazima maji na unayarudisha.

Utumbo ukigonjwa, haurudishi maji. Wakati mwingine unazidi kuyamwaga. Yale maji unayoyaona kwenye nepi ya mtoto si uchafu wa tumbo tu. Ni maji ya damu yake, pamoja na chumvi ya mwili. Mtoto mdogo hana ndoo kubwa. Ana kopo chache tu. Akipoteza kopo mbili tatu bila kurudishiwa, maisha yake yamo hatarini.

Kwa hiyo tukumbuke neno moja: mtoto anayehara hafi kwa kuhara, anakufa kwa kukauka. Na mtu wa kwanza anayeweza kuzuia kukauka si munganga. Ni wewe, mama, nyumbani mwako, kabla ya kuvuka mto.

3. NINI KINAVURUGA TUMBO?

Mikrobe wa choo. Hawa ndio sababu kubwa. Wanatoka katika choo cha mgonjwa na kuingia mdomoni mwa mwingine. Wana njia nne: mikono, nzi, maji na chakula. Mtoto anajisaidia karibu na kisima, mvua inanyesha, uchafu unaingia kisimani. Mama anamsafisha mtoto, halafu anakanda unga bila kunawa. Nzi anatoka chooni, anatua juu ya samaki sokoni. Wengine wanasema: "Choo ya mutoto mudogo haina mubaya." Si kweli. Choo cha mtoto kina mikrobe kama cha mkubwa.

Mikrobe hao hawafanani. Rotavirus inaharibu vile vidole vya utumbo wa watoto wadogo. Mtoto anatapika na kuhara maji. Amiba na mikrobe wengine wanachubua utumbo mpana. Mtoto anahara damu na makamasi. Tifoide inaleta homa ya siku nyingi, na ikikawia bila dawa inaweza kutoboa utumbo. Hapo mgonjwa anahitaji kupasuliwa upesi.

Kolera, yaani kipindupindu, ndiyo yenye haraka kuliko zote. Choo kinakuwa kama maji yaliyooshea mchele. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuwa na afya asubuhi na kuwa karibu na kufa jioni. Sisi watu wa mto tunaijua. Mwaka 2011 kolera ilianza hapa Kisangani mwezi wa tatu, ikateremka na mto pamoja na mitumbwi na baleniere, ikafika Kinshasa. Na mwaka 1994, mwezi wa saba, wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia Goma mahali pasipo na maji safi wala vyoo. Katika mwezi mmoja wa kwanza karibu watu 50 000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Minyoo. Wengine wanasema nyoka za tumbo. Minyoo mikubwa inakula chakula cha mtoto, naye anabaki na tumbo kubwa na mikono myembamba. Minyoo mingine midogo inaingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu, inashika ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mtoto au mama mwenye mimba anapungukiwa damu, macho na ulimi vinakuwa vyeupe.

Mihogo michungu. Mihogo michungu ina sumu. Ikilowekwa siku tatu au nne mpaka ilainike, kisha ikaanikwa vizuri, sumu inatoka. Wakati wa njaa au haraka ya biashara watu wanapunguza siku za kuloweka. Ndipo nyumba nzima inaumwa tumbo, kutapika na kizunguzungu baada ya kula fufu. Usipunguze siku.

Pombe kali na vidonge. Lotoko inachoma ukuta wa mfuko wa tumbo, zaidi kama mtu hajala. Vidonge vya maumivu kama aspirini na ibuprofeni, vikimezwa mara kwa mara na tumbo tupu, vinafanya vilevile.

Vidonda vya tumbo. Zamani watu, hata waganga wakubwa, walidhani vidonda vya mfuko vinaletwa na pilipili na mawazo tu. Lakini mwaka 1982 waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba kuna mikrobe anayekaa ndani ya mfuko wa tumbo. Mwaka 2005 walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Basi, ukisikia moto chini ya kifua kwa majuma mengi, usiishie kuacha pilipili. Njoo upimwe, maana kuna dawa inayoponya.

4. MTOTO ANAHARA: TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kuna mambo manne. Yahesabu kwa vidole.

Jambo la kwanza: MPE KUNYWA ZAIDI. Dawa ya kwanza ni SRO, ile sakei ya chumvi na sukari tunayogawa kliniki. Nawa mikono. Pima lita moja ya maji safi ya kunywa, mimina sakei nzima, koroga. Soma kwanza maandishi ya sakei, maana ziko sakei za lita moja na ziko ndogo zaidi. Angalia sana, mama: chupa ya bia haifiki lita moja. Ukitia sakei ya lita ndani ya chupa ya bia, chumvi itazidi na itamdhuru mtoto. Omba kliniki wakuonyeshe chombo cha lita. Usiongeze sukari wala juisi. Ikipita siku moja, mwaga na ufanye nyingine.

Kama huna sakei, fanya hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visiwe na mlima juu, visawazishwe. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi, mwaga, anza tena.

Kila mara mtoto akihara, mpe hivi:
– Mtoto chini ya miaka 2: robo ya kopo mpaka nusu kopo.
– Mtoto wa miaka 2 na zaidi: nusu kopo mpaka kopo zima.
Kopo tunalosema ni la mililita 200. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena, kijiko kimoja kimoja. Usiseme, "Anatapika yote." Mara mingi kiasi kikubwa kinabaki ndani.

Jambo la pili: MPE ZINKI. Kidonge hiki kinasaidia ukuta wa utumbo kupona na kinapunguza siku za kuhara. Mtoto chini ya miezi 6 anapata nusu ya kidonge cha miligramu 20 kwa siku. Aliyezidi miezi 6 anapata kidonge kizima. Kinayeyushwa katika kijiko cha maji au maziwa ya mama. Endelea siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha.

Jambo la tatu: USIMNYIME CHAKULA. Anayenyonya, anyonye zaidi, mchana na usiku. Aliyeanza kula, mpe kidogo kidogo mara mingi: uji wenye karanga au mawese kidogo, wali laini na samaki aliyepondwa, lituma laini, ndizi mbivu. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili, ili arudishe kilo alizopoteza.

Jambo la nne: ANGALIA ALAMA ZA HATARI. Tutazisoma mbele kidogo.

Labda utauliza: maji, chumvi na sukari tu, ni dawa kweli? Ndiyo, mama. Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh walijaa katika kambi ya Bangaon, nchini India, na kolera ikaingia. Maji ya kutia kwa mshipa yakapunguka. Munganga Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya maji, chumvi na sukari, na ndugu za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Kabla yake, katika wagonjwa 100 walikuwa wanakufa karibu 30. Baadaye hawakufika 4. Utumbo uliogonjwa hauwezi kushika maji matupu vizuri, lakini sukari na chumvi zikiwa pamoja, zinavuta maji na kuyaingiza katika damu. Ndiyo siri ya sakei ile.

5. MAMBO YA KUACHA

Usizuie maji. Koko alisema maji yataongeza kuhara. Tunamheshimu koko, alilea watoto wengi. Lakini hesabu ya maji tuliyoifanya inatuonyesha kweli nyingine. Utumbo unamwaga maji hata kama mtoto hanywi. Ukimnyima, choo kitapungua, ndiyo, lakini kwa sababu hakuna maji tena ya kutoka. Kisima kikikauka, ndoo haipandi na kitu. Hiyo si kupona.

Usimpige lavema. Lavema ya majani, ya pilipili, ya sabuni au ya dawa nyingine inavuta maji ya mwili na kuyatoa nje. Mtoto anayekauka unamkausha mara mbili. Tena inachoma ukuta mwembamba wa utumbo, na mpira unaweza kuutoboa. Kama ni tifoide, ukuta umekwisha kuwa laini, na hatari ni kubwa zaidi. Vilevile usimpe dawa ya kunywa ya kuendesha. Tumbo linajisafisha lenyewe kila siku. Halingoji sisi tulioshe.

Usinunue kapsule njiani. Tetra na dawa nyingine za rangi mbili zinazouzwa kwenye meza ya soko haziponyi kuhara kwa kawaida. Nyingine zinaharibu meno ya mtoto na kuua mikrobe wazuri wa utumbo. Na vidonge vya kufunga tumbo si vya mtoto: vinafungia ugonjwa ndani. Dawa ya kuua mikrobe inahitajika kama kuna damu, au kama munganga ameona kolera au tifoide. Yeye ndiye atakayeiandika.

6. ALAMA ZA HATARI: NJOO MARA MOJA

Usingoje kesho, usingoje siku ya kilo, ukiona hata moja ya hizi:
– macho yameingia ndani, au utosi wa mtoto umebonyea;
– mdomo umekauka, analia bila machozi, hakojoi;
– ukivuta ngozi ya tumbo kwa vidole na kuiachia, inarudi polepole;
– analala mno, ni mlegevu, au ameshtukashtuka;
– hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu;
– kuna damu katika choo;
– ana homa kali;
– choo ni kama maji ya mchele na kinatoka bila kukoma;
– hajafikisha miezi 2;
– kuhara kumefika siku 14.

Tena tumbo likiwa gumu kama ubao, limevimba, linauma sana likiguswa, na mtu hatoi choo wala upepo, ni hatari kwa mtoto na kwa mkubwa. Usikande, usipige lavema. Mlete upesi. Njiani, kama anaweza kumeza na tumbo si gumu, endelea kumpa SRO kijiko kwa kijiko, hata ndani ya mtumbwi.

7. TUMBO LA MAMA MWENYEWE

Wamama wenye mimba wanauliza: "Munganga, choo yangu inakuwa nguvu, inauma, ni nini?" Mimba inapunguza mwendo wa matumbo. Chakula kinakaa zaidi katika utumbo mpana, maji yananyonywa mno, choo kinakauka. Kunywa maji mengi, kopo 8 au zaidi kwa siku. Kula sombe, lengalenga, maharagi, papai na machungwa: nyuzi zao zinashika maji na kulainisha choo. Tembea. Usijizuie unapotaka kwenda. Vidonge vya chuma tunavyokupa vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu kidogo. Hilo si ugonjwa. Usivitupe, maana vinaongeza damu yako na ya mtoto.

Moto kifuani wakati wa mimba unakuja kwa sababu mtoto anasukuma mfuko wa tumbo juu. Kula kidogo kidogo, mara mingi, na usilale mara tu baada ya kula. Dawa ya minyoo tunakupa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Usiinywe mbele ya hapo bila kumuuliza munganga.

8. KUKINGA NI BORA

– Mpe mtoto maziwa yako peke yake mpaka miezi 6, pamoja na yale ya kwanza ya manjano. Usimpe maji, wala chai, wala dawa za majani. Maziwa yana maji ya kutosha, hata wakati wa joto kali. Mtoto wa titi anaweza kwenda choo mara sita kwa siku, choo laini cha manjano, naye ananyonya na kuongeza kilo. Huyo hana ugonjwa.
– Acha biberoni. Ni vigumu kuisafisha. Tumia kikombe na kijiko.
– Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni hakuna: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kulisha.
– Chemsha maji ya kunywa mpaka yatoe mapovu makubwa, au tia dawa ya klore kama ulivyoonyeshwa. Maji ya mto, hata yakionekana meupe, si safi. Maji ya robine yakikatika na kurudi, yachemshe pia. Yaweke katika bido yenye kifuniko.
– Chakula kilicholala kipashe moto mpaka kichemke chote. Funika sahani, nzi asitue.
– Chimba choo cha shimo mbali na kisima, na ukifunike. Choo cha mtoto kitupe humo.
– Mvalishe mtoto viatu. Kuanzia mwaka mmoja apate dawa ya minyoo tunapoigawa.
– Maliza chanjo zote. Ile ya rotavirus, inayotiwa mdomoni kwa matone, iliingia katika kalenda ya chanjo ya Kongo mwaka 2019. Njoo nayo katika tarehe iliyoandikwa kwenye fishi.

MWISHO

Turudi kwa mama yetu wa Lubunga. Mama kama huyo tunamkalisha kwenye benchi, tunampa kopo la SRO na kijiko. Mtoto wake ana kilo 8. Katika saa 4 anahitaji karibu kopo 3. Kijiko kimoja, anangoja kidogo, kijiko kingine. Mkono unachoka, lakini mama haachi. Mtoto anatapika mara moja. Mama anangoja dakika 10, anaanza tena. Mara mingi, kabla ya jua la mchana kushuka, mtoto anakojoa, na akilia machozi yanatoka. Wamama wa benchi nzima wanafurahi kwa machozi hayo.

Anapoondoka ana sakei mbili na zinki ndani ya kitambaa. Nasi tunamwambia: "Mama, fika nyumbani umueleze koko hesabu ya mayi. Umueleze kwa heshima. Yeye njo anabaki na mutoto wakati uko sokoni."

MAULIZO YA KUKUMBUKA

1. Utumbo mwembamba una kazi gani? Kwa nini tuliufananisha na vikapu vya Wagenia?
2. Katika lita 8 au 9 zinazoingia matumboni kila siku, ni kiasi gani kinatoka na choo cha mtu mwenye afya?
3. Kama huna sakei, vijiko vingapi vya sukari na chumvi kiasi gani katika lita moja ya maji?
4. Mtoto akitapika SRO, utafanya nini?
5. Kwa nini lavema ni hatari kwa mtoto anayehara?
6. Taja alama tano za hatari.

Ukishindwa kujibu moja, usione haya. Siku ya kilo, muulize munganga mbele ya wamama wengine, maana pengine na wao hawajui.